Sikumwambia Mama Mkwe

Mke wangu alipata ngiri ya kitovu baada ya mtoto wetu wa nne. Mwanzoni ilikuwa kama limau, baadaye ikaishinda ngumi yangu. Daktari aliipapasa, akamwangalia mwili mzima, akasema hampasui bado. Apunguze kwanza kilo kumi na tano. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa alijua nashona nguo pale Nyamianda, hapa Uvira.

"Weye ni fundi. Nguo ikibana sana, mushono unakamata? Nikimushona leo, tumbo itafumua kazi yangu. Lakini musikawie. Utumbo ukinaswa mule ndani, anaweza kufa."

Nilielewa. Mke wangu alielewa zaidi, maana mwenye njaa alikuwa yeye. Aliacha mawese, akakata bugali nusu, akawa anakwenda kuuza samaki wa ndagala soko la Mulongwe kwa miguu, pikipiki akatuachia sisi wavivu. Kila baada ya wiki chache nilimpunguzia blauzi. Zilipobaki kilo nne nilimshonea mpya ya kitambaa cha kikwembe, ikamkaa sawasawa, nikajisifu mpaka wateja wakanichoka.

Aliivaa Lubarika, kwao, siku ya mahari ya mdogo wake. Mimi nilingoja sifa. Badala yake watu waliangaliana alipopita. Kwetu mwanamke akikonda ni mambo mawili: ana ugonjwa usiotajwa, au mume wake ni mchoyo. Mama mkwe hakuzunguka mbuyu, aliniuliza mbele ya wageni wote:

"Mukwe, mutoto wetu iko mugonjwa, ao unamunyimaka chakula?"

Mkwe hataji tumbo la mke wake mbele ya mama mkwe. Ndiyo desturi, nami nilijificha nyuma ya desturi. Lakini desturi hiyohiyo imeacha mlango: neno zito hupitia kwa shangazi wa mke, na shangazi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Ilikuwa ni kuinama tu na kumnong'oneza. Mke wangu aliniangalia, akingoja. Sikuinama. Niliona haya, haya ikageuka hasira, nikamsogezea sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo yanayoelea mawese.

"Kula basi. Usinipatishe haya."

Alikula. Alimaliza, mama yake akamwongezea nyama, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikacheka pamoja nao. Mjinga mkubwa.

Tuliporudi Uvira hakunigombeza.

"Njala niliiweza," alisema. "Kupigana na njala na weye pamoja, minye siwezi."

Tangu hapo alikula kama zamani. Nilimwomba msamaha, nikambembeleza, hata mimi nikaacha kula mawese mbele yake. Hakunijali, na angenisikiliza kwa lipi? Kilo zote zikarudi, na nyingine zikafuatana nazo. Ile blauzi ya kikwembe aliigawa.

Asubuhi moja ngiri iliamka ngumu kama jiwe. Alitapika, na hata shuka likiigusa alilia. Safari hii daktari hakutaja kilo. Alimpasua haraka na kutoa kipande cha utumbo kilichokwisha kufa. Mke wangu alipona, lakini mshono ulifumuka kama tulivyoambiwa, na kidonda kilichukua miezi kufunga.

Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Lubarika kesho yake baada ya upasuaji. Pale kando ya kitanda, bila shangazi, nilimwambia yote: ngiri, kilo, maneno ya daktari, na kwa nini nilisukuma ile sahani. Nilitaka anitukane. Alikaa chini, akashika miguu ya binti yake.

"Kumbe minye ndiye nilimuongezea nyama," alisema. "Baba, ungesema neno moja tu, ningemunyang'anya ile sahani na mikono yangu."

Mke wangu alikuwa macho, akitusikiliza wote wawili.