Honi Mpya, Filta Kuukuu

Niseme ukweli kabla hamjasimuliwa na wengine: mpaka leo nikipita mbele ya kanisa letu karibu na Ekerenyo nikiwa ndani ya pikapu, nainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya kiti. Hakuna kilichoanguka. Ni aibu tu, na aibu yenyewe niliinunua Kisii mjini kwa hiari yangu, nikafungiwa kwenye karatasi, nikaileta nyumbani nikipiga mluzi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, leseni bado mpya, na Sokoro (ndivyo tunavyomwita babu kwetu) alikuwa amenikabidhi pikapu yake ya dizeli. Pikapu hiyo ilikuwa imebeba ndizi kwenda Kisii tangu kabla sijazaliwa, na asingemwachia mtu yeyote kama macho yake yasingeanza kuingia ukungu. Alinipa funguo na sharti moja: kila Ijumaa asubuhi nifungue skrubu ya chini ya filta nimwage maji, na filta ikichakaa niibadilishe. "Dizeli haitaki urembo," aliniambia, "inataka usafi." Alinionyesha mara tatu, maji yanatolewaje, hewa inatolewaje kwa kupampu na mkono, nami nikaitikia ndiyo Sokoro, ndiyo Sokoro, macho yakiwa kwenye simu (nilikuwa natazama picha za rimu).

Kwa miezi minne nilifanya kila kitu isipokuwa hicho. Nilibandika stika, nikaweka taa za buluu chini ya bodi, nikaweka spika mbili nyuma ya kiti, na kila fundi wa waya niliyempelekea aliachia waya zake juu ya za mwenzake hadi chini ya usukani pakakosa nafasi ya goti. Pikapu ikaanza kukohoa kwenye milima, nami nikaongeza sauti ya muziki, na kweli kikohozi hakikusikika tena.

Sokoro alikisikia. Alhamisi moja akanipa pesa, akanituma Kisii ninunue filta. Nikafika dukani, na kwenye rafu, kando kabisa ya filta, palikuwa na honi ya hewa yenye tarumbeta tano, kama ile niliyowahi kuisikia kwenye lori moja pale Masimba na stendi nzima ikageuka kutazama. Pesa ilitosha kitu kimoja. Nikajiambia filta imeshavumilia miezi yote hiyo, wiki moja zaidi itaidhuru nini? Jioni honi ilikuwa imefungwa, waya wake moja kwa moja kwenye betri, na Sokoro aliponiuliza, "Umeleta?" nikamjibu, "Nimeleta." (Si nilikuwa nimeleta kitu?)

Kesho yake ikawa Ijumaa. Mvua ilikuwa imebomoa daraja la kwenda kituo chetu cha majani chai, kwa hiyo lori la kiwanda lingechukulia majani kituo cha ng'ambo, baada ya mlima wa kanisa. Majani hayangoji mtu, yakilala kwenye gunia yanapata joto, yanageuka rangi, kazi yake ni kutupwa kwenye migomba. Na Ijumaa kwetu ina haraka yake, maana jua likizama Sabato imeingia na Jumamosi hakuna wa kupima. Mama na majirani sita wakapakia magunia yao kwangu. Mama Kemunto, mjane wa boma la pili, alikuwa amechuma peke yake tangu alfajiri, akapandisha magunia yake matatu na kuniambia, "Momanyi, tata, baba yangu, hapo ndani ndio kuko karo ya Kemunto. Uende polepole."

Tungewahi. Tulichelewa kwa sababu nilikuwa naosha gari. Nilisugua tope kwenye rimu nusu saa nzima, na maji ya ndani ya filta, yale niliyoambiwa niyatoe, nikayaacha yastarehe.

Tukaondoka, Mama na Mama Kemunto wamekaa juu ya magunia. Kwenye mlima wa kanisa pikapu ikaanza kukohoa, nikakanyaga mafuta, ikajivuta, ikajivuta, na karibu na kileleni nikawaona wasichana wa kwaya wamesimama langoni, watu wakiingia kuikaribisha Sabato. Jamani, nilikuwa na miaka kumi na tisa na honi mpya. Nikabonyeza.

Tarumbeta zote tano zikalia. Wasichana wakaruka, mmoja akaangusha kitabu cha nyimbo, nami nikaachilia swichi nikitabasamu. Honi haikunyamaza. Nikabonyeza tena, nikavuta, nikapiga dashibodi kofi, honi ikaendelea, na papo hapo, tukiwa tumefika juu mbele ya lango lenyewe, injini ikazima. Sasa tukawa tumesimama kabisa tunalia. Ndani nikasikia maombi yameanza, na sauti iliyokuwa ikiomba naijua tangu utotoni, ni ya Sokoro, mzee wa kanisa. Yeye akipandisha sauti, honi nayo haishuki. Nikaingiza mkono kwenye zile waya, nikavuta mmoja, taa za buluu zikawaka. Nikavuta wa pili, spika zikaanza kupiga muziki ambao siwezi kuutaja mbele ya mama yangu, naye alikuwa pale pale juu ya magunia, amejifunika uso na leso.

Hatimaye betri ndiyo iliyonihurumia. Honi ikashuka sauti, ikakoroma, ikafa. Nikasikia "Amina", kisha nikamwona Sokoro anatoka, mkono mmoja ukutani, kanisa zima nyuma yake.

"Hiyo honi siijui," akasema. "Lakini kikohozi kilichotangulia nakijua. Momanyi, ulibadilisha filta?"

Nikautoa mkono kwenye zile waya.

"Kumbe hiyo honi ndio filta yangu."

Hakuna aliyecheka. Mama Kemunto alikuwa ameshuka, ameingiza mkono ndani ya gunia lake. "Yameanza joto," akasema, si kwa hasira, kwa sauti ndogo tu, na mimi nikatamani angenitukana.

Sokoro akageuza uso kule magharibi, mahali ambapo macho yake hayaoni tena vizuri. "Jua iko wapi?"

Nilielewa anachouliza. Mzee huyo hakuwa ameshika spana baada ya jua la Ijumaa kuzama maisha yake yote. Ndizi zimewahi kumwozea njiani na hakushika. Ningeweza kusema bado lipo kidogo. Ulimi ulikuwa tayari, si nilikuwa nimeuzoesha tangu jana? Lakini nikamtazama akisubiri neno langu kana kwamba bado ni neno la kuaminika, nikasema, "Limezama, Sokoro."

Kisha akavua koti lake la kanisa, akanipa. "Shika. Lete spana."

"Niambie, nitafanya mimi," nikasema.

"Nilikuambia mara tatu."

Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake safi, akapapasa hadi akaipata skrubu, na maji yaliyotoka mle ndani yangetosha kupikia chai. Akapampu, dizeli ikamtapakaa mpaka kwenye viwiko. Watu wengine walitazama pembeni. Vijana wachache, Mama na Mama Kemunto wakatusukuma, tukateremka mteremko wa upande wa pili, nikaachilia klachi, injini ikashika. Lori tulilikuta limekwama kwenye tope la kituo (mvua ile ile), karani bado yupo ananung'unika, na majani yakapimwa, ya Mama Kemunto yakiwa ya kwanza.

Kwa hiyo mtasema mkasa uliisha vizuri. Nami nilidhani hivyo mpaka asubuhi yake. Sokoro ana kiti chake mbele kanisani, hakuna asiyekijua. Siku hiyo alikigusa tu kwa mkono, akageuka, akarudi hadi benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, akakaa peke yake. Hakuna aliyemwambia akae pale. Mchungaji alipomwita aje mbele, alitikisa kichwa tu. Mikono yake ilikuwa bado inanukia dizeli.

Nikaenda nikaketi kando yake.

Honi niliing'oa Jumapili, na tundu la swichi yake bado lipo kwenye dashibodi, sijaliziba wala sitaliziba. Kila Ijumaa kabla sijanywa chai namwaga maji ya filta kwenye kopo, nampelekea Sokoro alinuse. Huwa anasema, "Sawa." Siku hizi amerudi kwenye kiti chake cha mbele, lakini ilichukua miezi, na wakati wote huo mwenye kustahili benchi la nyuma nilikuwa mimi.