Kosa la Mtumiaji

Saa tatu asubuhi, mwanamke mwenye simu nne mikononi anasimama kwenye lango la kiwanda na kusonya. Zote ni simu za bei nafuu, moja kioo chake kimepasuka kona hadi kona. Katika kila simu ameandika maneno yaleyale: Nyuma ya Kiwanda. Na kila simu inaonyesha alama nyekundu palepale alipokanyaga, mbele ya kiwanda.

"Nimeandika nyuma, inanileta mbele," anasema. "Halafu ofisini wananiambia watu hawajui kuandika wanakoishi. Wanakera."

Madereva wa magari ya wagonjwa wanamwita Mama Ramani, ingawa hajaolewa wala hana mtoto. Ana miaka ishirini na tisa. Kazi yake ni kusaka makosa ya ramani katika programu ya simu ambayo vituo vya afya hutumia kuita gari. Mhudumu anaandika jina la mtaa, alama inatokea kwenye ramani, dereva anaifuata.

Nyuma ya Kiwanda ni jina la mtaa, si maelekezo. Mtaa huo una nyumba zaidi ya mia tatu, shule na mashine ya kusaga. Kati yake na lango hili kuna ukuta mrefu na mfereji mpana, kwa hiyo gari lazima lizunguke hadi darajani. Ni kama dakika arobaini, barabara ikiwa kavu.

Mwaka jana, alfajiri, dada yake mkubwa anayeishi mtaa huo alishikwa na uchungu. Kituo kikaita gari. Gari likaja hapa langoni, mlinzi akasema hakuna mgonjwa, wakabishana naye, muda ukayoyoma. Shemeji yake akachoka kungoja, akamlaza mkewe kwenye mkokoteni. Mtoto hakuishi.

Hilo peke yake lingetosha kumpandisha mtu hasira. Lakini Mama Ramani ana jambo jingine linalomkaba, na halisemi kwa kuzungukazunguka.

Asubuhi ileile, kabla hajasikia lolote, malalamiko yalifika mezani kwake yakiwa na namba na jina la mtaa tu, bila jina la mgonjwa. Akaliandika jina hilo kwenye simu yake ya ofisini. Ramani ikafunguka vizuri, alama ikatua Kiwanda. Akaona mambo safi. Kwenye fomu akajaza "Kosa la mtumiaji", akaifunga taarifa. Saa sita mchana shemeji yake akapiga simu.

"Mtumiaji mwenyewe ni dada yangu," anasema. "Nilimfunga kwa kubonyeza mara moja. Hata chai yangu ilikuwa haijapoa."

Tangu siku hiyo hakutulia. Alijaribu kitu kimoja kimoja: akabadilisha simu, akazima mtandao na kuuwasha, akapakua ramani upya. Kosa halikutikisika. Mwishowe akaikuta orodha fupi ndani ya programu, imewekwa na mtu aliyetaka utafutaji uende haraka. Ni maneno ya kutupwa: ya, kwa, nyuma, mbele, chini, juu. Programu inayatupa kwanza, ndipo inatafuta. Nyuma ya Kiwanda inabaki Kiwanda.

"Umeiona akili hiyo?" anauliza, sauti imeshapanda. "Sisi tunakaa Nyuma ya, Chini ya, Kwa Fulani. Ukiyatupa maneno hayo umetutupa sisi."

Ana haki ya kufoka. Amehesabu mitaa sitini na moja yenye majina ya namna hiyo. Katika miezi mitatu tu, magari ishirini na saba yalipelekwa kusiko. Bosi wake alipooneshwa hesabu hiyo alikubali orodha iondolewe, ila akagoma kuifungua taarifa ya mwaka jana. Ile imeshafungwa, alisema, tusichokonoe.

"Nikamwambia, bosi, kuchokonoa ndiyo kazi uliyonipa."

Leo programu iliyorekebishwa imo kwenye simu ya tano, mkobani. Anapanda gari la wagonjwa, anakaa kando ya dereva, yuleyule wa siku ile. Dereva si mtu wa maneno mengi. "Nilifuata ramani," anasema. "Nikajua nimefika."

Safari hii ramani inawapitisha darajani. Dakika thelathini na nane baadaye wako mlangoni kwa dada mtu, ambaye ana mimba ya miezi minane. Alipoambiwa ukweli wa ile fomu, hakumsemesha mdogo wake kwa miezi miwili. Sasa ananyoosha mkono bila salamu ndefu.

"Lete hiyo simu. Niandike mwenyewe."

Anaandika herufi moja moja. Alama nyekundu inatua ng'ambo ya ukuta, katikati ya mtaa wake.

Mama Ramani anamweleza kwamba Ijumaa vituo vyote vitapata programu mpya, na kwamba ameandika taarifa nyingine, bosi apende asipende. Penye "Kosa la mtumiaji" ameweka jina lake mwenyewe.

"Naona imekubali, dada," anasema. "Niifunge taarifa?"

Dada anamrudishia simu.

"Usiifunge, mdogo wangu. Utaifunga siku nikirudi hapa na mtoto mkononi."