Nilijua siku ya kupanda maharagwe, nikanyamaza kwa wivu

Wakuu, nawasalimu kutoka Uvira.

Nimesoma ule uzi wa wakulima, mnavyobishana kuhusu siku za kupanda. Mmoja anafuata mwezi, mwingine anafuata Pasaka, mwingine anafuata maneno ya bibi yake. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Kuna jambo langu la miaka mingi ambalo sijawahi kuliandika popote. Nitalieleza kama lilivyokuwa. Pale nitakaposahau, nitasema nimesahau.

Ilikuwa wakati wa uasi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, naishi Kasenga, hapa hapa Uvira. Shule niliiacha kabla ya diploma ya sekondari, ila kusoma sikuacha.

Barabara ya kwenda Sange haikuwa salama, kwa hiyo mashamba ya uwandani tuliyaacha. Familia kumi za mtaa wetu tukalima mteremkoni, juu ya nyumba. Vipande vidogo tu: maharagwe, mihogo, mboga ya lengalenga. Maji ya kumwagilia hayakuwepo, tulitegemea mvua. Ambaye maharagwe yake yalikufa pale, watoto wake walilala na uji mwepesi.

Sasa mimi nilikuwa na kaye, daftari la shule. Kila mvua iliponyesha, nilipima maji kwenye kopo tupu la nyanya kwa rula, nikaandika. Miaka minne mfululizo. Niliandika pia siku ya kupanda, siku ya ua la kwanza na siku ya kuvuna.

Watu walinicheka, lakini Februari ilipofika walikuja mlangoni. "Muntu wa kaye, tupande lini?"

Swali hilo lilikuwa tamu kwangu kuliko chakula.

Kisha akaja Mama Zawadi.

Alikimbia vita kutoka Lubarika, akafikia kwa shemeji yake, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa rika la mama yangu. Hakujua kusoma. Alikuja na mbegu alizozifunga kwenye ncha ya kitenge, na misemo. Kila kitu kilikuwa na msemo wake.

Muhogo uchomekwe na mtu aliyeshiba: "Ukichomeka na njaa, nayo itakuwa na njaa." Kitunguu kihamishwe kutoka kitaluni siku ya uhuru, tarehe 30 Juni: "Juu ile siku hata kitunguu inajitawala."

Jioni watu walikaa kwenye mawe, juu ya mashamba, wakimsikiliza na kucheka. Mimi nilisahihisha. Nilieleza kwamba kiangazi kinaanza Juni, na miche iliyosiwa Mei inakuwa tayari mwisho wa Juni, kwa hiyo uhuru wa nchi hauhusiani na vitunguu.

Ndipo Bahati, fundi viatu, akasema: "Profesa, weye unaweza kukausha hata mvua."

Walicheka wote. Mke wangu pia alicheka. Kicheko kile cha mke wangu nilikaa nacho wiki nzima.

Februari iliyofuata hakuna aliyekuja mlangoni.

Mama Zawadi alikuwa amekwisha kusema neno lake: "Maharage haiingie mu udongo mbele ya huit mars." Yaani yasipandwe kabla ya tarehe 8 Machi, siku ya wanawake.

Nikaona nimempata. Nikamwambia mbele ya watu: "Mama, sikukuu hiyo imeletwa juzi tu. Mababu wa Lubarika waliijulia wapi?"

Hakukasirika. "Mababu walikuwa na siku yao, baba. Sisi tumeipa jina mupya. Mutoto akibatizwa, anabadilika sura?"

Bahati alipiga makofi. Nikashuka mteremko.

Lakini nyumbani nilifungua kaye, nikakaa nikafikiri. Lubarika ni uwanda. Maji ya Februari yanasimama kati ya matuta na maharagwe yanaoza, ndiyo maana wanasubiri. Mvua ikikatika mapema, wana mifereji ya kumalizia. Kwetu ni mteremko. Maji yanakimbilia ziwani, mfereji hakuna. Na katika miaka minne niliyoandika, mara tatu mvua ilikata mwanzoni mwa Mei. Maharagwe ya 8 Machi wakati huo ndiyo kwanza yanajaza punje.

Kwa hiyo nilijua, wakuu. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu yangu mwenyewe.

Sentensi moja ingetosha. Badala yake nikawaza hivi: waache wapande, yakauke, ndipo watajua mtu wa kuuliza. Ni aibu kuandika, lakini ndivyo nilivyowaza, neno kwa neno.

Nilipanda katikati ya Februari. Bahati alipita akauliza, "Profesa, unaharakisha wapi?" Nikamjibu kwamba najaribu mbegu tu.

Mke wangu aliuliza, "Na wengine?"

"Nimewaambia."

"Wamesema nini?"

"Wamesema watamusikiliza Mama Zawadi."

Uongo mara mbili, kwa mtu niliyelala naye kitanda kimoja.

Machi mvua ilikuwa nzuri. Maharagwe yao yalistawi kuliko yangu, kwa sababu Mama Zawadi aliwafundisha kuweka majivu kwenye kila shimo. Mimi majivu sikuwa nayo kwenye kaye. Kila asubuhi nilipanda mlima kuangalia majani ya watu. Yaliniuma. Siku nyingine nilianza kuogopa kwamba nimekosea, kwamba mwanamke yule atanishinda tena.

Basi nikaomba mvua ikatike. Niliomba kwa maneno, nikiwa peke yangu shambani. Wakati wa vita, watoto wa majirani wanakula mara moja kwa siku, na mimi naomba hivyo.

Ilikata mwanzoni mwa Mei.

Yangu yalikuwa yamekomaa na kukauka vizuri, nikayang'oa. Yao yalibaki na maganda bapa, ndani punje kama dengu. Wachache walichuma mabichi, wengine hawakuwa na cha kuchuma.

Nilisubiri waje mlangoni. Kitu kimoja sikukipigia hesabu: shamba halifichwi. Kipande kimoja kimevunwa katikati ya vipande tisa vinavyosinyaa, hata asiyejua kusoma atakisoma.

Aliyekuja ni Mama Zawadi, peke yake. Alinikuta napura, mke wangu yuko na ungo anapepeta. Alisimama akihesabu miezi kwa vidole.

"Ulipanda lini, baba?"

"Katikati ya Februari."

"Ulibahatisha?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ungo wa mke wangu ulikuwa umesimama.

"Hapana, mama. Nilijua."

"Ulijua. Na minye nilikuwa nasema kila siku apa mbele yako."

"Ndiyo."

Hakupaza sauti. "Kwetu maji iko inabaki. Apa inakimbia. Minye ni mugeni, sikujua. Weye ni mwenyeji."

Akaondoka.

Mke wangu hakunigombeza. Alimaliza kupepeta, akagawa maharagwe mafungu kumi, tisa akayapeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na la Mama Zawadi akaanza nalo. Fungu letu akaliweka mbegu. Sikumzuia. Watu walimshukuru yeye. Mimi waliendelea kunisalimu vizuri, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Septemba ikafika, msimu mwingine. Jioni moja watu wako kwenye mawe yao, mimi nimekaa pembeni na kaye yangu. Mtu akamuuliza Mama Zawadi siku ya kupanda.

Akasema: "Minye najua ya Lubarika. Ya apa iko kwa uyu." Akanionyesha kwa kidole. "Sema, baba. Na useme kwa nguvu, Bahati masikio yake imejaa gundi ya viatu."

Walicheka, kisha wakanisubiri. Nikafungua kaye nikasoma. Walipanda siku niliyoitaja.

Mtadhani nilifurahi. Nilipata kile kile nilichokitaka, ila nilikipokea kutoka mkononi mwake. Na pale pale nilimwonea wivu kuliko siku zote, kwa sababu nilijua kwamba ningekuwa mimi nimekaa juu ya jiwe lake, kidole changu kisingenyooka. Baada ya vita alirudi kwao Lubarika. Wivu huo haukwenda naye.

Nilichojifunza upande wa kilimo: msemo una kijiji chake. Kabla ya kuufuata, uliza ulizaliwa mteremkoni au uwandani, na kama pana mfereji. Upande mwingine sina la kuwafundisha, mmeshasoma wenyewe.

Sasa niandikieni misemo ya kupanda ya kwenu na sikukuu zake, na mtaje ardhi ikoje. Wa kunitukana nao nitawasoma. Ila kama kuna mwenzangu hapa aliyewahi kujua jambo akanyamaza ili mwingine aanguke, naomba yeye ndiye aandike kwanza.