Mji wa Hariri, Mji wa Katani

Juzi nilikwenda Kilosa kufuata cheti changu shuleni, mwalimu wa zamu akaniruhusu kuchungulia lililokuwa darasa letu la kidato cha pili. Hapo mbele ndipo aliposimama mwalimu wetu wa hisabati, dada wa kujitolea kutoka Japani, ambaye miezi ya mwanzo alimwamkia shikamoo kila mtu, hata sisi wanafunzi wake.

Tukimaliza hesabu alipenda kutusimulia mji wao. Jina lake sikuwahi kulitamka vizuri. Ni mji mdogo, alisema, kati ya milima kama Kilosa. Zamani ulikuwa na ngome ya mtawala. Ikabomolewa, vikaja viwanda vya nyuzi za hariri. Bibi yake aliingia humo akiwa binti mdogo, vidole ndani ya maji ya moto kutwa nzima akifumua nyuzi. Kisha nailoni ikaja, viwanda vikafa, mji ukajifunza kutengeneza saa.

Darasa likacheka. Mjapani, bibi yake kibarua?

Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto wa kambini, kwenye nyumba za vibarua wa shamba la katani, na shuleni nilikuwa naficha. Bibi yangu alianika katani tangu usichana wake mpaka shamba lilipofungwa, nalo kwa nailoni hiyohiyo.

Mwalimu akatutuma tukaulize historia ya Kilosa. Bibi alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua uso. "Historia ni ya machifu na wazungu. Sisi tulikuwa na kazi tu."

Jumamosi nikampeleka mwalimu nyumbani, naye akamsimulia bibi habari za bibi yake wa kiwandani. Tulikula ugali kwa mlenda, na tulipokwisha kunawa bibi akamuuliza, "Huyo bibi yako, mikono yake ilikuwaje?"

"Ilibabuka. Kwenye picha zote ameificha."

Bibi akatandaza viganja vyake mkekani, vimejaa makovu ya miba. "Jumatatu nitakuja huko shuleni."

Akaja kweli, na kitenge chake cha sherehe. Nilitamani ardhi inimeze. Akangoja mpaka darasa zima likasimama na kumwamkia, akaitikia marahaba, ndipo akaanza: reli ilivyoleta watu wa kila kabila, baba yake alivyotoka kusini kwa miguu, king'ora cha alfajiri, nyimbo za kuanikia. Kengele ililia, hakuna aliyetoka. Msichana mmoja wa kijiji cha Chanzuru, ambaye babu zake wamelima huko tangu zamani, akanyoosha mkono.

"Kumbe bibi na nyie ni wenyeji?"

"Nimezika wazazi wangu hapa, mjukuu wangu. Mwenyeji ni nani tena?"

Tangu siku ile nikiulizwa kwetu wapi, najibu: kambini.

Mwalimu alirudi kwao, bibi ametangulia mbele ya haki. Kambi imebomolewa, matofali yake yamejengea majiko ya watu, na king'ora hakuna kijana anayejua kilivyolia. Lakini waliolala makaburini upande wa juu wa reli, hata wasio na alama, ninawajua kwa majina, kama bibi alivyonitajia mmoja mmoja. Sasa namfundisha binti yangu majina hayo; amefika la kumi na nne.