Esnath Alipopita Mbele ya Mkwewe

Watu wa Tukuyu wakimzungumzia Esnath siku hizi husema ni mwanamke mpole. Mpole! Mimi Asia, muuza vitenge wa Msasani ya hapahapa Tukuyu, nimemwona mwanamke huyo akitema jino kiganjani, akalitazama, akalitupa mtaroni, kisha akaniuliza kama nina kalamu ya kumwazima. Upole wa namna hiyo unatisha.

Alikuwa karani wa hesabu katika duka la jumla la mbolea pale sokoni, moja ya yale maduka yaliyochipuka biashara ilipoachiwa watu binafsi. Mumewe, Meshaki, alikuwa msimamizi wa wachumaji kwenye shamba moja la chai. Shamba likauzwa, wamiliki wapya wakaja, wafanyakazi wakapunguzwa, na Meshaki akawa mmoja wao. Alirudi nyumbani Kawetele na buti zake za mpira na filimbi aliyokuwa akiwapulizia wachumaji. Tangu siku hiyo mtu pekee aliyebaki wa kusimamiwa alikuwa mkewe.

Mwaka huohuo Esnath akaanza kusomea shahada ya uhasibu. Kilikuwapo chuo kikuu kinachofundisha watu wakiwa makwao: vitabu unaletewa, unajisomea kwa wakati wako, mitihani unakwenda kuifanyia Mbeya. Esnath alimweleza mumewe yote hayo kwa utaratibu, akamwambia pia kwamba kuna ofisi mjini inataka mhasibu, na kazi hiyo ina nyumba, ila hawamchukui mtu asiye na shahada. Katika maelezo yote Meshaki alisikia neno moja tu, Mbeya. Kwake yeye mwanamke hawezi kwenda Mbeya peke yake asubuhi na kurudi jioni halafu aseme alikuwa anajibu maswali.

Akaanza kumpiga. Alianza na makofi, kama wanaume wengi wanavyoanza wakitaka kuona dunia itasema nini. Dunia haikusema kitu, akaendelea na mkanda. Jino lile lilitoka kwa sababu ya karatasi za mazoezi zilizokutwa chini ya godoro. Kitabu cha ukaguzi wa hesabu alikitia motoni jikoni, na ili somo liingie, akamshika mkewe kisogo, akamwinamisha juu ya mafiga mpaka nywele za mbele zikaungua.

Siku ya pili Esnath alikuja dukani kwangu amefunga kilemba, na harufu ya nywele ilikuwa bado naye. Nilikasirika mpaka nikamkasirikia yeye.

"Mdogo wangu, achana na hiyo shule," nilimwambia. "Utauawa kwa ajili ya debiti na krediti?"

"Dada Asia, nikiacha, ataacha kunipiga?"

Nikampa stuli nyuma ya marobota ya vitenge, akawa anasomea hapo kila mchana muda wa chakula. Mitaani wakasema Asia amefungua nyumba ya kuharibia wake za watu. Niliwaambia waje wajionee, waharibike na wao kwa mizania na urari. Hakuja hata mmoja.

Hapa inabidi nieleze jambo kwa msomaji asiyetoka Rungwe, maana bila hilo ataona tulikuwa wajinga. Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasemeshani wala hawaingii nyumba moja. Mzee akiwa anakuja anakohoa, na mke wa mwanawe anatoka njiani upesi, anachutama vichakani, anageuza mgongo na kujifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. Wachungaji wa kanisa wamelikemea jambo hili tangu enzi za Wajerumani, na wake za wachungaji wenyewe wanachutama. Mwanamke akimtazama mkwewe usoni, aibu inaushika ukoo mzima. Kwetu Waislamu halipo hilo. Mkwe wangu mimi alikula kwangu miaka mingi mpaka nikamchoka. Lakini nimezaliwa hapa, na uzito wake naujua.

Meshaki aliujua kuliko mimi. Nyumba yake ilikuwa juu mgongoni mwa kilima, korongo huku na korongo huku, na njia ya kushukia barabarani ilikuwa moja tu. Mwaka Esnath alipobakiza mtihani mmoja ili amalize, Meshaki alimwendea babake, mzee Ambindwile, akamwambia kwamba mkamwana wake ana bwana Mbeya na mitihani ni uongo. Asubuhi ya mtihani mzee akaweka kigoda chake katikati ya njia, akakaa.

Basi Esnath angefanya nini? Alichutama kwenye magimbi na begi lake, akisubiri mzee aondoke. Mzee hakuondoka. Jua lilipanda, gari likaenda zake, mtihani ukafanyika bila yeye. Jioni ile nilipita karibu na kilabu cha pombe nikamsikia Meshaki akijisifu.

"Wenzangu mnanunua makufuli," alikuwa anasema. "Kufuli langu mimi lina ndevu."

Walicheka mpaka wakamwaga pombe. Wallahi, ningekuwa na mawe mkononi siku ile ningelala polisi.

Esnath alisubiri mwaka mzima. Pale kituo cha mitihani Mbeya walimwambia wazi kwamba akikosa tena, usajili wake unafutwa, itabidi aanze mwanzo. Miaka yote ile ya stuli na marobota ingekuwa bure, na kazi yenye nyumba ingechukuliwa na mwingine. Akaapa kwamba safari hii atafika. Kosa lake ni kwamba aliapa kwa sauti.

Jioni ya kuamkia mtihani Meshaki alimkokota mpaka penye kinu. Akaulaza mkono wa kulia wa mkewe juu ya ukingo, akaukandamiza kwa goti, akashusha mchi. Mtoto wao, Atupele, alikuwa mlangoni akiona. Vidole viwili vilivunjika. Meshaki akaurudisha mchi ukutani mahali pake.

"Gwe, wewe, andika sasa," akasema. "Andika, msomi."

Alipoona macho ya mkewe hayajashuka, akampiga ngumi ya jicho.

Asubuhi mimi na mume wangu Husseni tulifika pale barabarani na pikapu yake, tumebeba ndizi za kupeleka Mbeya. Nikapanda njia kumfuata Esnath. Nikamkuta mzee Ambindwile ameshakaa kwenye kigoda, koti zito mwilini, fimbo nene magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Unamtafuta nani?"

"Namsubiri Esnath. Ana mtihani."

"Huyo hawezi kupita," akajibu, bila hasira, kama mtu anayekuambia daraja limevunjika.

Esnath akatokea juu. Alikuwa amejitanda kitenge mpaka machoni, begi begani. Nyuma yake barazani alisimama Meshaki amekunja mikono, anasubiri kuona mkewe akiingia tena kwenye magimbi.

Mzee akasikia hatua, akainamisha kichwa, akakohoa. Esnath akaendelea kushuka. Mzee akakohoa kwa nguvu zaidi. Esnath akaendelea. Mzee akakohoa sasa mfululizo, kikohozi cha mtu aliyeshikwa na hofu, na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nilitaka kuchutama kwa niaba yake. Kule juu Meshaki alianza kupiga kelele.

"Esnath! Gwe Esnath! Huyo ni mzee! Utatuletea laana wewe!"

Esnath alifika mpaka mbele ya kigoda. Akasimama, akakivuta kitenge kichwani, akakiacha kianguke.

Tangu aunguzwe sikuwahi kuuona uso ule mchana kweupe bila kilemba. Nywele za mbele zilikuwa hazijaota tena, kulikuwa na kovu linalong'aa. Jicho moja lilikuwa limevimba likafunga kabisa. Pengo la jino lilionekana kwa sababu alikuwa anahemea mdomo. Mkono wa kulia aliuinua kidogo, vidole vimefungwa na vijiti vya mwanzi na kitambaa kilicholowa damu.

Mzee aliinua macho. Sijui kama alitaka au yalijiinua yenyewe. Alitazama kovu, akatazama jicho, akashuka mpaka kwenye mkono, akakaa hapo muda. Kisha akaondoka kwenye kigoda, akaingia kwenye magimbi kando ya njia, akachutama na kugeuza mgongo, akalivuta koti lake likafunika kichwa. Mzee mwenye wajukuu, alichutama kama mkamwana anavyochutama.

Esnath akapita.

Meshaki alishuka mbio na panga. Nilimshika Esnath mkono mzima tukakimbia, Husseni akaona akawasha gari. Jiwe lilivunja kioo cha nyuma, vipande vikatumwagikia mapajani, na jingine likampata Husseni begani, akatukana matusi ambayo sijayasikia tena kinywani mwake. Mpaka tunafika Mbeya Esnath alikuwa akiokota vioo kwenye sketi yake, ananitajia kwa sauti ndogo aina za hati ya mkaguzi wa hesabu.

Mtihani aliufaulu, na shahada aliipata. Nakuambia mapema usije ukanikatiza. Aliandika akiwa amebana kalamu kati ya gumba na kidole cha pete, na msimamizi alimbadilishia karatasi kwa sababu ya damu. Kinachonikaa mimi moyoni ni jioni ya siku hiyo.

Nilimsihi alale kwangu. Akakataa, kwa sababu Atupele alikuwa kule juu na baba yake. Basi nikaenda naye, maana ningefanya nini, nimwache aende kufa peke yake? Kigoda hakikuwepo njiani. Mtoto tulimkuta uani kwa bibi yake, nyumba ya jirani, mzima, nikamwambia Esnath tumchukue tugeuze. Lakini vitabu vyake na vyeti vya shule vilikuwa ndani. Akasema atavichukua mara moja.

Meshaki alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na ule mchi. Pigo la kwanza lilimpata Esnath mgongoni, akaangukia majivuni. Nilipiga yowe, nikamrukia, nikamng'ata sikio mpaka nikaonja chumvi. Alinirusha ukutani nikaishiwa pumzi. Nikamwona anauinua mchi juu ya kichwa cha Esnath, nikaanza kumtajia Mungu majina yake yote.

Mlango ukawa na giza. Mzee Ambindwile aliinama akaingia jikoni kwa mkamwana wake, mahali ambapo hajawahi kukanyaga tangu nyumba ijengwe. Fimbo ilimpata Meshaki kwenye kiwiko, mchi ukaanguka. Ikampata begani. Ikampata gotini, na nilisikia mfupa. Meshaki akaanguka akiita "Tata! Tata!" kama mtoto mdogo anavyomwita baba yake, na mzee akaendelea kumpiga mbavuni, mgongoni, kwenye mikono aliyojikingia, machozi yakimchuruzika kwenye ndevu. Alikuwa anaua. Mimi nilikuwa nimeshapata pumzi, na sikusogea. Moyo wangu ulikuwa unasema ongeza, mzee, ongeza.

Fimbo ilipanda sasa kuelekea kichwani. Esnath alijivuta kutoka majivuni akaidaka juu, kwa mkono wenye vidole vilivyovunjika, akapiga ukelele wa maumivu.

"Baba, inatosha! Utamuua. Baba, ni mwanao!"

Mzee alisimama hivyohivyo, fimbo juu. Wote wawili walikuwa wameishika fimbo moja, na alimtazama usoni kwa mara ya pili siku ile.

"Na wewe je?" akamuuliza. "Wewe ni mwana wa nani?"

Esnath, ambaye vidole vyake vilivunjwa asilie, alikaa chini palepale akalia kwa sauti kubwa, na mzee akaitupa fimbo nje, akakaa naye kwenye majivu.