Uji wa Pumba

Juzi, zahanatini Garsen, nilimsikia muuguzi akimhimiza mzee mmoja aliyefunga choo anywe uji wa unga usiokobolewa. Nikamkumbuka bibi, mama yake baba, alivyolala mkekani kijijini Hewani nilipokuwa mtoto, akiguna kwa maumivu, siku ya nne bila kupata choo. Mama alimpikia uji wenye pumba za mahindi, ukanuka kama banda la kuku. Nilijua yeye na bibi walikuwa wamegombana, nikaamini anamwadhibu. Nikaumwaga.

“Mbona umemwaga dawa ya bibi yako?” mama aliuliza.

Hakunipiga. Alirudi kwenye kinu akatwanga upya, machozi yakimdondoka. Bibi alikunywa bakuli zima, na kesho yake tumbo likafunguka. Mimi sikuweza kumtazama mama usoni.