Mlango wa Paneli na Shemeji Katikati ya Shimo

Naomba niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Bulyanhulu: yule fundi aliyeganda ameshika mlango wa paneli (sanduku la swichi za umeme), jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu, ndiye mimi, Baba Kulwa, niliyeishia darasa la nne na bado nikafunga umeme kwenye magesti yote ya maana kuanzia Tinde mpaka Buseresere.

Shemeji yangu Masunga, kaka yake Mama Kulwa, ndiye aliyewaambia wenzake wenye duara (shimo la dhahabu, kwa msiojua) kwamba winchi yao mpya ya umeme, ya kushusha na kupandisha ndoo shimoni, nifunge mimi, na kazi ikiharibika wamuulize yeye. Dukani Kahama nikashika waya za aina mbili. Ile laini ya nyuzinyuzi ikaning'inia mkononi kama tambi za jana, nikairudisha. Nikachukua ile ngumu ya shaba moja, ninayoipitisha ukutani kila siku, maana ukiinyoosha inasimama kama askari wa gwaride, na mimi napenda kazi yangu ionekane. Sikufikiria kwamba ukuta haufunguki, ila paneli ina mlango, na swichi zote ziko mlangoni, kwa hiyo waya unapita kwenye bawaba na kila ukifungua unakunjwa.

Na aliyekuwa anafungua ni nani kama si mimi? Akipita mnunuzi wa mawe, nafungua aone. Mama ntilie akileta chai, nafungua. Kuna mzee nilimwamkia shikamoo, kabla hajamaliza marahaba nimeshamfungulia (na macho yenyewe hayaoni vizuri).

Siku ya kuanza, Masunga akasema atashuka yeye kwanza kwenye ndoo, wenzake waone anavyomwamini shemeji yake. Wakati wa kumpandisha, katikati ya shimo, winchi ikazima, breki ikamshika, akabaki ananing'inia gizani. Nabonyeza, kimya. Nikafungua mlango nichungulie, winchi ikanguruma, nikafunga, ikanyamaza. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya ganda lake, inagusana mlango ukiwa wazi nusu tu.

"Rudisha kidogo, fundi," wakaniambia. "Hapo hapo. Usipumue."

Shimoni ikatoka sauti: "Baba Kulwa, kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, shemeji. Naangalia mlango tu."

Akapanda kidogo, akasimama, akapanda tena, mpaka waya ukakatika kabisa, wakamshushia kamba na kumvuta kwa mikono, wakiimba wimbo wa kazi wa Kisukuma, na jina langu wakalitia humo.

Masunga alitoka vumbi tupu. Hakunitukana, na nilitamani anitukane. Akafungua mlango, akaziangalia waya zangu zilizonyooka, akaufunga polepole, akawageukia wenzake.

"Tafuteni fundi."

Nami nimesimama palepale, bisibisi mkononi.

Nimeapa penye bawaba siweki tena waya mgumu, hata nife njaa. Ila kule maduarani hakuna anayeniita nikaitimize hiyo ahadi, na Mama Kulwa akienda kwao siku hizi huenda peke yake.